Saa tisa hekaluni: mahali pa sala katika ibada ya Yerusalemu ya kale

Sura ya tatu ya Matendo ya Mitume inaanza na Petro na Yohana wakikwea kwenda hekaluni "saa ya kusali, saa tisa". Msomaji wa Kiswahili hahitaji kupiga hesabu hapo. Saa tisa ni saa tisa: jua limeshapinda, kivuli kimeanza kurefuka, joto limepungua makali. Wayahudi wa zama zile walihesabu saa za mchana kama sisi tunavyozihesabu, kuanzia kuchomoza kwa jua, na saa sita ikawa katikati ya mchana. Msomaji wa Ulaya huwekewa maelezo pembeni ya ukurasa, sisi tumeshafika. Tofauti ni ndogo tu. Huku kwetu karibu na ikweta mchana haubadiliki sana mwaka mzima, ilhali Yerusalemu saa ya kiangazi ilikuwa ndefu na ya majira ya baridi fupi, kwa sababu mchana uligawanywa mafungu kumi na mawili uwe mrefu au mfupi.

Kigumu katika mstari ule ni neno "saa ya kusali". Ukiipekua Torati yote, kuanzia Mwanzo hadi Kumbukumbu la Torati, hutakuta amri ya watu kusali saa tisa. Wala hutakuta amri ya kusali hekaluni. Kilichoamriwa kifanyike alasiri ni kumchinja mwanakondoo. Basi mwanakondoo aligeukaje kuwa saa ya sala?

Swali hili lilinishika siku nyingi, kwa sababu nililelewa nikidhani hekalu la Yerusalemu lilikuwa kama kanisa kubwa au msikiti mkubwa: jengo ambalo watu huingia, hupanga safu, husali, hutoka. Kisha nikasoma kitabu cha Mambo ya Walawi kwa makini, sura ya kwanza hadi ya saba, nikitafuta maneno ambayo kuhani huyasema anapotoa sadaka. Sikuyaona. Kuna namna ya kuchinja, namna ya kuchuna ngozi, mahali pa kunyunyiza damu, mafuta yanayofunika figo, matumbo na miguu iliyooshwa kwa maji. Kila tendo limeelezwa, lakini kuhani hana neno la kutamka. Ni kama kuelekezwa kupika pilau kwa mtu anayeonyesha kwa mikono tu.

Mtaalamu wa Kiyahudi wa karne ya 20, Yehezkel Kaufmann, aliuona ukimya huu na kuufanya hoja. Katika mahekalu ya Misri na Babeli, alisema, makuhani walikariri maneno juu ya kila tendo, na maneno yenyewe yaliaminiwa kuwa na nguvu, kama ya mganga. Ibada ya Israeli iliyanyamazisha maneno hayo makusudi, ili mtu asidhani kwamba Mungu hushikwa kwa kauli. Sina uhakika kama sheria nzima ya sadaka inaweza kubebwa na sababu moja, lakini ukimya ni wa kweli, na wageni waliuona. Barua moja ya Kiyahudi kutoka Aleksandria, iitwayo Barua ya Aristea, inamweleza mgeni aliyetazama makuhani wakifanya kazi: wahudumu karibu 700 uwanjani, na bado kimya kilikuwa kizito hata ungedhani pale hapana mtu.

Maneno mawili yanasaidia hapa, na sikio la Mswahili linayajua tayari. Sadaka kwa Kiebrania ni korban, lile lile "Korbani" la Injili ya Marko. Mzizi wake ni wa kukaribia, na ndio mzizi huo huo wa Kisemiti uliotufikia sisi kwa njia ya Kiarabu katika neno "karibu". Neno la pili ni avoda, ambalo ni ndugu wa neno letu "ibada". Kwa Kiebrania avoda ni ibada na pia ni kazi, hata kazi ya jembe. Walioingia hekaluni asubuhi walikwenda kazini. Walivaa nguo za kazi za kitani, walitembea pekupeku, walibeba kuni, walizoa majivu.

Jengo lenyewe lilikuwa dogo kuliko tunavyoliwaza. Mfalme Herode alipoanza kulipanua hekalu la pili kama mwaka wa 20 KK, kilichopanuka sana ni uwanja. Nyumba ilisimama katikati, na ndani yake hawakuingia ila makuhani wenye zamu. Chumba cha ndani kabisa, Patakatifu pa Patakatifu, kiliingiwa na mtu mmoja, kuhani mkuu, siku moja ya mwaka. Nje ya nyumba kulikuwa na madhabahu, kisha ua wa Waisraeli wanaume, kisha ngazi kumi na tano za kuteremkia ua wa wanawake, kisha ukuta mfupi uliokuwa na mabao ya mawe ya kumwonya mgeni asipite, maana akipita kifo chake ni juu yake mwenyewe. Bao moja kati ya hayo, lililoandikwa kwa Kigiriki, lilipatikana mwaka 1871 na sasa liko Istanbul. Zaidi ya hapo ulikuwa uwanja wa nje, wa watu wote. Kwa hiyo aliyekwenda "kusali hekaluni" alisali uani, chini ya mbingu, akiielekea nyumba ambayo hataingia.

Mengi tunayoyajua kuhusu siku ya hekalu yamo katika Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo za walimu wa Kiyahudi, iliyokusanywa kama mwaka 200 BK, yaani miaka 130 hivi baada ya hekalu kuchomwa. Kumbukumbu ya muda huo huweza kupambwa, na msomaji ana haki ya kuwa na wasiwasi. Hata hivyo Mishna inaeleza mambo ambayo mpambaji angeyaficha. Inasema, kwa mfano, kwamba zamani makuhani waligombea kazi ya kwanza ya alfajiri, kuondoa majivu madhabahuni, kwa kukimbizana. Aliyemtangulia mwenzake kwenye njia ya mwinuko iendayo juu ya madhabahu ndiye aliyeipata. Siku moja wawili walikuwa sawasawa, mmoja akamsukuma mwenzake, akaanguka na kuvunjika mguu. Tangu hapo ikawekwa kura: makuhani walisimama duara, kila mmoja akanyosha kidole, na msimamizi akahesabu vidole hadi ifike namba iliyotajwa.

Basi tuwafuate siku moja. Usiku makuhani walilala ndani ya ua, wazee wakiwa na funguo za malango. Kabla ya mapambazuko waliooga walijitokeza kwa kura. Majivu yakaondolewa, kuni zikapangwa. Msimamizi akasema: tokeni mkatazame kama wakati wa kuchinja umefika. Mtazamaji akapanda juu, na alipoona nuru akaita "Barkai", kumekucha. Wakamuuliza: mashariki yote kumeng'aa hadi Hebroni? Akajibu ndiyo. Uangalifu huu ulikuwa na kisa chake. Wakati mmoja mbalamwezi iliwadanganya, wakadhani ni alfajiri, wakamchinja mwanakondoo mapema, na ikabidi apelekwe kuchomwa nje kama kitu kilichoharibika.

Mwanakondoo huyu wa mwaka mmoja aliitwa tamidi, maana yake "daima". Mmoja asubuhi, mmoja jioni, kila siku, Sabato na sikukuu pia. Alikuwa amekaguliwa jana yake jioni. Alikaguliwa tena kwa mwanga wa mienge. Akanyweshwa maji katika kikombe cha dhahabu. Hakufungwa miguu yote minne kwa pamoja. Mguu wa mbele ulishikanishwa na wa nyuma, kichwa kikaelekezwa kusini na uso magharibi, na mchinjaji akasimama upande wa mashariki akitazama magharibi. Damu ikapigwa kwenye pembe za madhabahu. Viungo vikakatwa, vikabebwa na makuhani hadi katikati ya ule mwinuko, vikawekwa hapo na kutiwa chumvi.

Halafu kazi ikasimama.

Hapo ndipo sala ilipoingia. Viungo viko kwenye mwinuko, vimetiwa chumvi, moto unangoja, na makuhani wote wanateremka na kwenda zao kwenye chumba kilichoitwa Chumba cha Mawe ya Kuchongwa. Msimamizi anawaambia: barikini baraka moja. Wanabariki. Wanasoma Amri Kumi. Wanasoma "Sikiza, Ee Israeli" pamoja na vifungu viwili vinavyofuatana nacho katika desturi ile, cha Kumbukumbu la Torati sura ya 11 na cha Hesabu sura ya 15. Kisha wanaongeza baraka tatu fupi, na siku ya Sabato wanaongeza moja zaidi ya kuwaombea wenzao wa zamu inayoondoka. Wakimaliza wanarudi kazini.

Nililiona jambo hili kuwa ufunguo. Makuhani hawakuisoma sala yao juu ya sadaka. Waliiacha sadaka, wakahamia chumba kingine, wakasali, wakarudi. Neno lilipewa nafasi katikati ya kazi, na kazi yenyewe ikaendelea bila maneno. Ukitaka ushahidi nje ya Mishna kwamba Amri Kumi na "Sikiza" viliwahi kusomwa pamoja, upo: karatasi ya mafunjo ya karne ya 2 KK iliyonunuliwa Misri mwaka 1898, inayoitwa Mafunjo ya Nash, imeandikwa Amri Kumi na chini yake "Sikiza". Baadaye Amri Kumi ziliondolewa katika sala ya kila siku nje ya hekalu. Talmudi, kitabu kikubwa cha walimu waliokuja kuifafanua Mishna, inasema sababu ni wazushi waliokuwa wakidai kwamba hizo kumi tu ndizo zilizotoka Sinai.

Baada ya sala ikapigwa kura ya uvumba, na msimamizi akatangaza: wasiowahi kufukiza, njooni. Hii ilikuwa kazi ya heshima kuliko zote za kila siku, na iliaminiwa kumletea aliyeifanya baraka ya mali, ndiyo maana hakupewa mtu aliyekwisha kuifanya. Makuhani waligawanywa zamu 24, kila zamu wiki moja, mara mbili kwa mwaka. Mtu aliweza kuzeeka akisubiri. Sasa soma upya sura ya kwanza ya Luka. Zakaria wa zamu ya Abiya, ambayo ni ya nane katika orodha ya Mambo ya Nyakati, ni mzee, na leo kura imemwangukia. Ameingia peke yake kwenye giza lenye taa na moshi. Huko nje, anasema Luka, umati wote wa watu walikuwa wakisali saa ya kufukiza.

Kwa nini saa hiyo? Zaburi ya 141 inajibu kwa mstari mmoja: sala yangu ipae mbele zako kama uvumba, na kuinuliwa kwa mikono yangu kama dhabihu ya jioni. Moshi ulionekana ukipanda; mtu wa uani aliyekuwa hana sadaka wala zamu aliukabidhi moshi ule ombi lake. Katika mchanganyiko wa uvumba ulikuwamo ubani, uliosafirishwa kutoka kusini mwa Arabuni, na harufu yake, Mishna inasema, ilifika Yeriko. Mwalimu mmoja alikumbuka kwamba mbuzi wa nyumba ya baba yake, huko kwenye milima ya Mikwari, walipiga chafya kwa harufu hiyo. Mbuzi wale ni nje ya mada yangu, lakini nimeshindwa kuwaacha.

Kabla ya kufukiza, kuhani mmoja aliitupa chini koleo kubwa, kati ya ukumbi na madhabahu, kwa kishindo kilichofanya watu wasisikizane. Kwa sauti hiyo kila mtu alijua wakati wake: makuhani waliokuwa mbali wakakimbilia kusujudu, Walawi wakakimbilia kuimba. Mfukizaji alipotoka, makuhani walisimama kwenye ngazi za ukumbi, wakainua mikono juu ya vichwa vyao na kuwabariki watu kwa maneno ya Hesabu sura ya 6: "Bwana akubarikie, na kukulinda". Kwa Kiebrania baraka hiyo ni maneno 15 tu, mstari wa kwanza matatu, wa pili matano, wa tatu saba. Maneno yenyewe ni ya kale mno. Mwaka 1979 Gabriel Barkay alichimbua Ketef Hinom, Yerusalemu, vijikaratasi viwili vya fedha vilivyokunjwa kama hirizi, vya karibu mwaka 600 KK, na sehemu za baraka hii zimechorwa humo. Hekaluni baraka ilitamkwa kwa Jina lenyewe la Mungu. Kwingineko kwa jina la badala.

Ukilijua hilo, kukawia kwa Zakaria kunapata uzito mwingine. Watu hawakuwa wakingoja mzee atoke tu. Walikuwa wakingoja baraka. Naye alitoka akiwa bubu, akiwaashiria kwa mkono. Hofu yao pia ilikuwa na msingi, maana kuchelewa ndani ya nyumba ile kulitisha. Mishna inasema kwamba hata kuhani mkuu, Siku ya Upatanisho, alipotoka Patakatifu pa Patakatifu alisali sala fupi katika chumba cha nje, na hakuirefusha, asije akawatia Waisraeli hofu.

Kisha wimbo. Viungo vikapandishwa motoni, na kuhani alipoinama kumimina divai, msimamizi akapunga kitambaa, matoazi yakalia, Walawi wasiopungua kumi na wawili jukwaani wakaanza Zaburi ya siku. Jumapili ya 24, Jumatatu ya 48, Jumanne ya 82, Jumatano ya 94, Alhamisi ya 81, Ijumaa ya 93, na Sabato ya 92, ambayo mpaka leo kichwa chake katika Biblia kinasema ni wimbo wa siku ya Sabato. Zaburi iligawanywa vipande. Mwisho wa kila kipande baragumu zilipigwa na watu wote uani wakasujudu. Yoshua bin Sira, mwandishi wa kitabu cha hekima kiitwacho kwa jina lake, aliyeandika kama mwaka 180 KK, karibu miaka 400 kabla ya Mishna kukusanywa, ameuchora mpango huo huo alipomsifu kuhani mkuu Simoni: divai, baragumu, kusujudu, waimbaji, watu wakiomba hadi ibada iishe, kisha mikono ya kuhani juu ya kusanyiko lote. Kwa hiyo nauamini mpango huo.

Kwa hiyo ukimya wa Kaufmann ulikuwa madhabahuni. Uani kulikuwa na sauti. Kazi na sala zilikaa bega kwa bega, kila moja na watu wake.

Ziko sadaka chache zilizokuja na maneno ya lazima, na ya kupendeza kuliko zote ni malimbuko. Mkulima alileta kapu la matunda ya kwanza, akasimama mbele ya kuhani na kusema maneno ya Kumbukumbu la Torati sura ya 26, yanayoanza na baba yake Mwarami aliyekaribia kupotea, utumwa wa Misri, kutolewa, nchi, na mwisho: sasa nimeleta malimbuko. Ni historia ya taifa zima kinywani mwa mtu mwenye kapu begani. Maneno yalitakiwa yasemwe kwa Kiebrania, na wakulima wengi hawakujua kukisoma. Mwanzoni aliyejua alisoma mwenyewe, na asiyejua alisomewa akafuatisha. Matokeo yake, Mishna inasema, wasiojua wakaacha kuleta. Waliona aibu. Basi ikaamuliwa kwamba wote wasomewe, msomi na asiye msomi, kila mtu afuatishe. Nimeona wazee wakikaa nyuma kabisa ya nyumba ya ibada kwa sababu ya kitabu wasichoweza kukisoma, na nikiisoma sheria hii ndogo namheshimu aliyeitunga. Makapu nayo yalisema mengi: tajiri alileta kapu la fedha au dhahabu na kurudishiwa, maskini alileta la fito zilizomenywa, nalo likabaki kwa kuhani pamoja na matunda.

Sala ya mtu binafsi, isiyo na maandishi, ilikuwapo muda wote, tangu kabla ya hekalu. Hana alisali Shilo, midomo ikicheza bila sauti, na Eli kuhani akamdhania amelewa. Kosa la Eli linatufundisha kwamba sala ya kawaida ilisikika. Aliyesali kimya alishangaza hata kuhani. Walimu wa baadaye walimgeuza Hana kuwa kielelezo na wakatoa kwake kanuni za kusali. Na Sulemani, katika sala ndefu ya kuzindua hekalu la kwanza, 1 Wafalme sura ya 8, anaomba juu ya njaa, vita, ukame, mgeni kutoka nchi ya mbali, mateka aliyeko ugenini, na katika maombi hayo yote hataji sadaka hata moja. Anachorudia ni kwamba watu wataomba wakiielekea nyumba hii. Hekalu kwake ni kibla. Danieli, mateka Babeli, alifungua madirisha yaliyoelekea Yerusalemu akasali mara tatu kwa siku. Waislamu wanajua kwamba hata kibla chao cha kwanza kilikuwa Baitul Makdis, yaani Yerusalemu, kabla ya kuelekezwa Makka baada ya miezi 16 au 17 ya Hijra.

Wapo wanaolieleza jambo hili kana kwamba manabii waliipinga sadaka na kuweka sala badala yake. Wasome Isaya sura ya kwanza hadi mwisho. Mungu anakataa mafuta ya wanyama, na mistari michache mbele anasema hata mkiomba maombi mengi sitasikia, mikono yenu imejaa damu. Isaya aliikataa sala ya dhalimu kama alivyoikataa sadaka yake.

Tamidi alinunuliwa kwa nusu shekeli ya kila mwanamume. Torati inakataza tajiri kuzidisha na maskini kupunguza. Mwanakondoo akawa wa kila mtu, na hapo likazuka swali ambalo Mishna inalisema waziwazi: sadaka ya mtu itatolewaje naye hayupo hapo kusimama karibu nayo? Mtu wa Galilaya hawezi kuwa Yerusalemu kila asubuhi. Jibu lilikuwa kuigawa nchi nayo mafungu 24, sambamba na zamu za makuhani. Zamu ilipofika, wawakilishi walikwenda Yerusalemu wakasimama uani kwa niaba ya wote, na waliobaki kijijini walikusanyika kwao, wakafunga kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, na wakasoma habari ya uumbaji, kila siku sehemu yake. Ijumaa hawakufunga kwa heshima ya Sabato. Jumapili hawakufunga ili mtu asitoke kwenye raha na kuangukia taabu ghafla. Wiki nzima, kijiji kilicho mwendo wa siku tatu kilisali kwa saa ya madhabahu kisiyoiona.

Wengine walifanya hivyo bila zamu. Eliya aliomba Karmeli wakati wa kutoa dhabihu ya jioni. Ezra alipiga magoti kwenye dhabihu ya jioni. Danieli alijiwa na malaika wakati huo huo, na hapo hekalu lilikuwa magofu, dhabihu hakuna, lakini saa yake bado inatajwa. Yudithi, katika kitabu chenye jina lake, anaomba wakati uvumba wa jioni unafukizwa Yerusalemu. Wayahudi wa Misri, tangu karne ya 3 KK, waliziita nyumba zao za mikutano kwa neno la Kigiriki lenye maana ya sala. Yerusalemu kwenyewe, lilikokuwa hekalu, sinagogi la Theodoto lina bao la mawe lisemalo limejengwa kwa ajili ya kusoma Torati na kufundisha amri, pamoja na vyumba vya wageni na maji. Sala haikutajwa. Ya nini, na uani pako karibu?

Mwaka 70 BK, Warumi wakiwa wameuzingira mji chini ya jemadari Tito, tamidi alikoma tarehe 17 ya mwezi wa Tamuzi wa kalenda ya Kiyahudi. Wiki chache baadaye, mwezi wa Av, nyumba iliungua. Kuna vitu vilivyokwenda nayo moja kwa moja. Nyumba ya Avtinasi walijua mmea uliofanya moshi wa uvumba upande wima kama fimbo, na walikataa kumfundisha mtu. Hugrosi Mlawi alikuwa na ufundi wa kuimba ambao naye hakuutoa. Tuni zilipotea. Matamshi ya Jina yalipotea.

Rabi Yoshua, wanasimulia, alipita karibu na magofu akalia: ole wetu, mahali palipofanyiwa upatanisho wa dhambi zetu pameharibika. Mwalimu wake Yohanan ben Zakai akamjibu kwamba tunao upatanisho mwingine ulio sawa na huo, matendo ya hisani, akamnukulia nabii Hosea. Huko Yavne, mji ambako walimu walikusanyika baada ya hekalu kuungua, baraka kumi na nane za sala zilipangwa kwa utaratibu mbele ya Rabani Gamalieli. Waliobishana katika Talmudi juu ya asili ya sala za kila siku, wengine walisema ziliwekwa na Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wengine walisema ziliwekwa kufuata tamidi wa asubuhi na wa jioni, na sala ya usiku kufuata mafuta na viungo vilivyoungua usiku kucha. Nadhani waliosema la pili walikumbuka vizuri. Na lile neno la kazi, avoda, wakalipa makao mapya: ibada ya moyoni ni ipi? Ni sala.

Sala ya alasiri ikabaki na jina Minha, jina la sadaka ya unga iliyokwenda pamoja na mwanakondoo. Walimu waliipa nyakati mbili. Minha kubwa huanza saa sita na nusu, na Minha ndogo huanza saa tisa na nusu. Mishna, katika sehemu ya Pasaka, inasema tamidi wa jioni alichinjwa saa nane na nusu, na saa tisa na nusu akawa tayari juu ya moto.